Mahali Tusipopajua

Dirisha la tiketi za kivuko lilikuwa na tundu la kupitishia fedha na tundu la kupitishia maneno, na nyuma yake alikaa mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Bi Futa. Jina hilo hakulipata bure. Tiketi zilikuja kutoka kiwandani zimechapwa "Ghuba ya Jenerali", kama ilivyoandikwa kwenye ramani zote za dunia. Bi Futa hakumpa abiria tiketi hata moja kabla ya kulipiga hilo jina mstari wa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: Chumvi. Meneja alimkata mshahara, akampangia zamu mbaya, mwisho akamnyang'anya kalamu. Kesho yake Bi Futa alikuja na ya kijani.

Huyo Jenerali mwenyewe hata hakuikanyaga ghuba. Aliipiga mizinga akiwa melini, akala chakula chake cha mchana, akaenda zake. Aliyeshuka baadaye ni mpima ramani wake, na hapo ndipo hasira ya Bi Futa ilipoota mizizi, kwa maana aliyetwishwa kichwani ile miguu mitatu ya chombo cha kupimia alikuwa bibi yake mzaa mama, wakati huo msichana wa kuchemsha chumvi ufukoni.

"Aliniuliza visima viko wapi," bibi alikuwa akisimulia kila alipoudhika, na bibi aliudhika mara nyingi. "Aliniuliza njia ipi haina matope. Aliniuliza mayai bei gani. Jina la ghuba hakuniuliza! Mdomo ninao, masikio anayo, tumetembea pamoja mchana kutwa. Hakuniuliza. Kaenda kwao kaandika analolitaka."

Bibi alikufa na kinyongo chake, mjukuu akakirithi kama watu wengine wanavyorithi mashamba.

Watu wa ghuba waliiandikia ile tume ya nje inayoamua majina ya ramani. Wakaandika tena. Tume ikajibu kwa adabu zote kwamba yenyewe hufuata jina linalotumika, na kwamba jina linalotumika ni la Jenerali. Linatumika na nani, haikusema. Siku jibu hilo liliposomwa mkutanoni, Bi Futa alisimama juu ya benchi.

"Basi tusilitumie," alisema. "Mtu akikuuliza njia ya mahali hapo, hupajui. Usimtukane, usimfukuze. Mwambie tu, pole ndugu, hapo sipajui. Awe bosi, awe askari, awe mjomba wako. Nasi kweli hatupajui. Nani kati yenu amezaliwa kwa Jenerali?"

Watu walicheka, wakaondoka nalo kama mzaha, na mzaha ukageuka sheria. Bosi mpya wa forodha alizungushwa mjini mpaka petroli ikamwishia mbele ya ofisi yake mwenyewe. Friji la meneja wa kivuko lilirudi dukani mara mbili, maana kwenye boksi alikuwa ameandikisha lile jina, wapagazi walilipakua, wakasoma, wakaulizana, "Hapa ni wapi?", wakalipakia tena. Meneja alikunywa maji ya moto msimu mzima wa joto.

Ndipo tume ikakubali kumtuma mtu mmoja aje asikilize. Mmoja tu, kwa kikao cha alasiri moja, katika ukumbi wa shule ng'ambo ya ghuba. Baada ya hapo faili lingefungwa, na tume haifungui faili lililofungwa mpaka kizazi kingine. Bi Futa alijipigia hesabu ya umri. Ama leo, ama amfuate bibi akiwa mikono mitupu.

Meneja alimnyima ruhusa siku hiyo, kwa raha zake kabisa. Kwa hiyo Bi Futa alikuwa dirishani, amevaa gauni la kikao chini ya koti la kazi, ameazimia kuvuka na kivuko cha adhuhuri iwe isiwe. Kumpokea mgeni lilikuwa jukumu la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi redio na katibu wa harakati za kurudisha jina. Shemeji alikwenda stendi tangu alfajiri, akangoja gari refu lenye bendera. Gari halikuja.

Adhuhuri ilipokaribia, shemeji aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, jasho linamtiririka.

"Shemeji, tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Bora angekufa mtu! Mgeni kaja na basi la kawaida, peke yake, na kibegi. Kauliza njia kwa kila mtu stendi. Na unajua alivyouliza?"

Bi Futa alijua. Kalamu ilimsimama mkononi.

"Muuza magazeti kamwambia hapajui. Mshona viatu hapajui. Yule kijana wa pikipiki, Breki, kampakia, kamzungusha mji mzima, kamrudisha palepale kamwambia pole sana mjomba, nimejaribu. Simu yake haipatikani. Shemeji, sheria yako hiyo imemla mgeni wetu wenyewe!"

"Yuko wapi sasa?"

Shemeji alichungulia kwenye kioo, akainama kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. "Mungu wangu. Huyo wa tatu kwenye foleni."

Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, shati limeloa mgongoni, viatu vimekuwa rangi ya vumbi. Nyuma yake alisimama muuza mayai wa kila siku, trei zake zimepangwa kwenye beseni.

"Muuzie," shemeji alinong'ona. "Fumba macho umuuzie. Leo tu."

"Leo ndiyo hasa," alisema Bi Futa.

"Kikao kitakufa!"

"Meneja kaiandikia tume kwamba anayepiga kelele ni mimi peke yangu, wengine hawajali. Nikilikubali jina hilo hapa, nitakuwa nimemtilia sahihi kwa mkono wangu. Toka nyuma yangu, unanipulizia joto."

Mgeni alifika dirishani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama suruali iliyotoka kupigwa pasi.

"Habari za mchana, mama. Naomba tiketi moja ya kwenda Ghuba ya Jenerali."

Bi Futa aliilaza kalamu mezani. Alimwona bibi yake na ile miguu mitatu kichwani.

"Pole ndugu yangu," alisema. "Hapo sipajui."

Mgeni alimtazama, akatazama tiketi zilizopangwa mezani, jina limechapwa wazi na mstari wa kijani juu yake. Kabla hajasema neno, meneja alijitokeza kutoka ofisini, tabasamu limemfika masikioni.

"Karibu sana, bwana! Usimsikilize huyu mama, ana matatizo yake ya nyumbani. Hapa ndipo penyewe pa kukatia tiketi." Akachomoa tiketi safi, isiyoguswa na kalamu, akaipitisha tunduni kwa mkono wake. "Umeona? Rahisi tu. Watu wa kawaida hawana shida na hilo jina."

Shemeji alikaa chini kwenye kreti. Bi Futa hakukaa. Alimfuata mgeni kwa macho mpaka getini, ambako mkagua tiketi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye watoto wengi na meneja huyohuyo juu ya kichwa chake. Mkagua tiketi aliipokea, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Meneja alikuwa akimkodolea macho yaliyomwahidi mwaka mzima wa njaa.

"Pole, bwana," mkagua tiketi alisema, akairudisha kwa mikono miwili. "Hapo mimi sipajui."

Honi ya kwanza ya kivuko ililia. Mgeni alisimama katikati ya geti na dirisha, kibegi begani, tiketi yake safi mkononi haina pa kwenda. Watu walimpita kulia na kushoto. Akamgeukia muuza mayai.

"Mama, samahani. Kule ng'ambo, kwenye maji yale na mji ule. Ninyi mnapaitaje?"

Muuza mayai aliangalia nyuma yake kuona anaulizwa nani. "Mimi?"

"Wewe, mama."

"Chumvi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Ghuba ya Chumvi. Mama yangu Chumvi, bibi yangu Chumvi. Kwani wewe kwenu hapana jina? Haya sogea, mayai haya si mawe."

Nyuma ya kioo Bi Futa aliinuka kitini. Mtu kauliza. Baada ya mizinga na mpima ramani na miaka yote ile, mtu kauliza.

Mgeni alirudi dirishani, akaiweka ile tiketi safi mbele yake.

"Mama, hii siitaki. Naomba ya Ghuba ya Chumvi."

Bi Futa alichukua tiketi, akapiga mstari wa kijani, taratibu kuliko alivyowahi kupiga wowote, akaandika juu yake.

"Siwezi kuwaahidi chochote," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Lazima ujue hilo."

"Sikukuomba ahadi, ndugu yangu. Nilitaka uulize tu."

Akavua koti la kazi, akalitundika juu ya kiti, na gauni la kikao likaonekana lote. Meneja alifoka kwamba akitoka asirudi. "Na hilo koti utafute wa kulivaa," Bi Futa alimjibu, "mradi ajue kuandika." Akakata tiketi mbili za Chumvi, akamvuta shemeji kutoka kwenye kreti, wakapita getini mbio mbio. Mkagua tiketi alizipokea tiketi zao, akazisoma, akatabasamu.

Kwenye kivuko mgeni alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na beseni la muuza mayai. Alipomwona mwanamke wa dirishani anakuja na gauni lake, alianza kuelewa yeye ni nani, akasogea kumpisha. Honi ya pili ikalia, ufuko ukaanza kuachwa nyuma. Njaa ilikuwa imembana mgeni. Alizitazama zile trei muda, kisha akaona haya, akamuuliza Bi Futa kwa upole:

"Mama, mayai hapa huuzwa bei gani?"

Bi Futa alicheka mpaka abiria wakageuka, mpaka shemeji akaona aibu, mpaka machozi yakamtoka.

"Hilo sasa uliza," alisema akijifuta. "Uliza tu, ndugu yangu. Wewe umeanza na la kwanza."