Mashine Iliyonyamaza

Pale Lundo, kando ya ziwa, katika miaka ile ambayo kila mwenye boti na simu alijiita mfanyabiashara, samaki wa mapambo waliheshimiwa kuliko watu. Samaki mwenye urefu wa kidole, mwenye mistari ya bluu, akikamatwa chini ya miamba hakupandishwa juu hivi hivi. Aliwekwa kwenye kapu la wavu, kapu likafungwa kwenye kamba yenye alama za mpira mwekundu, likavutwa mpaka alama ya kwanza, likaachwa lining'inie. Baadaye alama ya pili. Kwa upole, kama unavyomhamisha mtoto aliyelala. Ukimvuta kwa pupa huvimba tumbo, macho humtoka, hufa, na Wazungu hawanunui mizoga. Hilo kila mtu ufukweni alilijua. Mzamiaji mwenyewe, aliyekwenda kumtafuta huko chini na mpira wa hewa mdomoni, alivutwa kadiri bosi alivyokuwa na haraka.

Hildegardi alizaliwa Kitura, milimani kwenye kahawa, na alikuwa na kibanda cha ufundi simu Mbinga mjini. Mambo ya ziwani aliyaona kwa mbali, kama mtu aliyeolewa tu huko, mpaka yalipomfika shemeji yake Cuthbert. Mkanda wa kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye mpira, ulikatika, wakamvuta Cuthbert kama ndoo ya kisimani. Alifika juu anacheka. Jioni akala ugali kwa usipa, dagaa wa ziwani, akasifia mboga, na alipotaka kuinuka akanawe, miguu haikuwa yake tena. Watu wakasema amerogwa. Mama mkwe akatoa mbuzi kwa mganga, na kwa kuwa hakutaka kumuudhi Mungu, akatoa na kuku kanisani. Mbuzi akaliwa, kuku akaliwa, miguu ikabaki vile vile.

"Samaki akivutwa haraka anavimba," Hildegardi alisema mbele ya ukoo. "Mtu je?"

Wazee walitazamana. Mmoja akayarudisha maneno kwenye uchawi, maana jibu lingewalazimu kutaja jina la bosi.

Jibu alilipata kwa mgeni mmoja aliyelala gesti ya Mbamba Bay, mzamiaji wa kujifurahisha, aliyemtolea kopi ya jedwali kutoka kitabu chake: kina hiki, muda huu, basi njiani usubiri hapa na hapa kabla ya kutoka majini. Hildegardi alilisoma jedwali lile akalia kwa hasira. Kumbe mtu naye ana alama zake, na dunia nzima inazijua isipokuwa Lundo.

Mumewe Aidan, mdogo wake Cuthbert, hakuacha kuzamia. "Nikiacha, mwanetu Glorious atasomeshwa na mihogo?" aliuliza. Jedwali hakuweza kwenda nalo, na saa haikumfaa. Huko chini, alisema, ukimfukuza samaki unasahau hata jina la baba yako. Basi Hildegardi akaamua kumtengenezea kitu cha kukumbuka badala yake, kitu atakachokivaa.

Ubongo wa kitu hicho ulikuwa kompyuta ya mkononi, ndogo kama kitabu cha sala, iliyotupwa kibandani na mteja baada ya kioo kupasuka. Kipima kina kilikuwa sensa ya presha ya oili kutoka kwenye lori bovu, kwa kuwa maji nayo hukandamiza kama oili. Ila sensa haijui kuongea na kompyuta, na mkalimani wao akapatikana kwenye mzani wa kielektroniki wa mnunuzi mmoja wa kahawa, mmoja wa wale walioota kama uyoga tangu soko la kahawa liachiwe watu binafsi, wakatoweka msimu ulipokwisha. Mzani ule ulizoea kuwadanganya wakulima. Hildegardi akaing'oa kadi yake, akailazimisha iseme kweli. Betri zilikuwa za simu. Vyote vikaingia ndani ya kipande cha bomba la plastiki, mifuniko ikazibwa kwa mpira wa tairi na gundi, bomba likashonewa kwenye mkanda wa kiti cha gari likae tumboni. Waya mmoja ulipanda hadi mkononi, na mwisho wake kulikuwa na mota ndogo inayotetemesha simu. Mjini wakamtania kwamba amempa mumewe mimba.

Lugha ya mashine ilikuwa fupi. Mtetemo mrefu: subiri hapo ulipo. Mitetemo mifupi: panda taratibu. Mambo yakiwa salama, inanyamaza. Hilo la kunyamaza Hildegardi alilionea fahari, kwa jinsi alivyochoshwa na simu zinazolia ovyo siku nzima. Na kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo, aliandika jedwali mpaka kina cha miamba ya nyumbani tu.

"Chini ya hapo huendi?"

"Huko hakuna mtu anayekwenda," alisema Aidan.

Mara ya kwanza maji yaliingia. Mara ya pili betri ilivimba. Mara ya tatu waliifunga kwenye kamba ya samaki, wakaishusha alama kwa alama, na mashine ikasema kweli kila mahali. Hapo Hildegardi akamwapisha mumewe.

"Wakikuvuta, usiwasikilize. Wakitikisa mpira, usiwasikilize. Hao ndio waliomponza shemeji. Sikiliza mashine tu."

"Sasa nina wake wawili," Aidan alitania.

"Apa."

Akaapa, mkono juu ya tumbo lake la plastiki.

Siku ya kazi Hildegardi alipanda boti pamoja nao, kwa kuwa fundi hutazama kazi yake ikitembea. Hakujua kuogelea, akakaa katikati. Vitalis, bosi mwenye boti, alishika injini. Cuthbert alibebwa akawekwa kando ya kompresa. Tangu miguu ife alikuwa amepewa kazi ya kulinda mpira wa hewa, na alitarajiwa kushukuru.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, fundi wetu," Vitalis alisema kwa furaha iliyozidi.

Boti ikafika kwenye miamba ya nyumbani, ikaipita. Hildegardi aligeuka kuitazama ikibaki nyuma.

"Bosi, tumepitiliza."

"Leo tunakwenda mwamba wa mbali, upande wa Lipingo. Kuna samaki wa njano huko chini, wanunuzi wanamlilia. Zamani niliogopa kumpeleka mtu." Akatabasamu. "Sasa mumeo ana mashine."

Alilisema kama anayetoa zawadi. Hildegardi akamtazama Aidan, Aidan akatazama maji. Kumbe alijua.

"Mama Glorious, siku moja tu. Mashine si ipo?"

Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Alikitengeneza kitu kile kimrudishe mume nyumbani, na sasa ndicho kilichokuwa kikimpeleka mbali zaidi. Alipaswa kukataa palepale. Lakini kiburi cha fundi ni ugonjwa, na kilimnong'oneza: mwache ajaribu, kukiwa na hatari mashine itamwambia. Akakagua mifuniko ya bomba.

Aidan alifunga mkanda, akabeba kapu lake, akashuka na kamba ya nanga. Mpira wa hewa, uliofungwa alama kama kamba ya samaki, ulipita mikononi mwa Cuthbert, alama nyekundu moja baada ya nyingine zikazama.

"Alama ya mwisho hiyo," Cuthbert alisema. Alama ikazama, na mpira ukaendelea kwenda.

Ndipo Hildegardi akaliona kosa lake. Jedwali ndani ya mashine linaishia kwenye alama ile. Chini yake haijui kitu. Na alikuwa ameifundisha nini cha kufanya ikikosa la kusema? Kunyamaza. Aidan yuko huko chini, mkono umetulia, anadhani kimya ni usalama. Akianza kurudi, mashine, isiyohesabu muda wa huko chini, itaona kana kwamba ndiyo kwanza anazama. Itanyamaza njia nzima, naye atapanda moja kwa moja mpaka juu. Atafika anacheka. Atakula ugali.

Wakati huohuo mwera, upepo mkali wa kusini, ukaanza. Maji upande wa kusini yalibadilika rangi, kisha yakawa meupe, na boti ikaanza kuvuta nanga.

"Mvute!" Vitalis alipaza sauti. "Tuondoke!"

"Shemeji, usivute!" Hildegardi alimshika Cuthbert mkono. "Akija moja kwa moja atakuwa kama wewe."

Hakupata nafasi ya kuyapamba maneno hayo. Cuthbert alimtazama kama aliyepigwa kofi.

"Mashine yako je?"

"Nimekosea. Huko aliko haijui kitu. Inanyamaza, na yeye anadhani ni salama."

Cuthbert akatikisa mpira mara moja, kwa nguvu: ishara ya kusimama. Akangoja. Akatikisa tena. Mpira haukujibu.

"Ulimwapisha asitusikilize," alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma Hildegardi kuliko tusi.

Alifungua fundo la kanga, akatoa bisibisi yake. Ilikuwa na mpini wa kijani ulioungua upande mmoja. Aidan alimnunulia Songea siku alipofungua kibanda chake, na angeitambua hata gizani. Kwa waya akaifunga pamoja na spana nzito ya kompresa, akaufanya waya kuwa pete kuuzunguka mpira wa hewa. Kisha akachana kipande cha mpira mwekundu kutoka kwenye kamba ya samaki, akakizungushia mpini. Ziwani alama nyekundu ina maana moja tu: ning'inia hapa. Akaachia. Chuma kikateleza kufuata mpira, kikapotea.

"Wewe mwanamke, boti itapasuka!" Vitalis aliacha injini, akaja, akaukamata mpira kwa mikono miwili.

Hildegardi angeweza kumwambia habari ya Glorious, au ya miguu ya Cuthbert iliyokuwa imekunjwa palepale mbele yake. Vitalis alikuwa ameiona miguu hiyo kila siku.

"Kapu analo yeye," alisema. "Ukimvuta Aidan, umevuta na samaki wa njano. Watafika wamevimba wote."

Mikono ya Vitalis ikasimama. Uso wake ulibadilika polepole, hesabu zikapita machoni, kisha akauachia mpira. Hildegardi alimchukia kwa moyo wake wote, na kwa moyo huohuo akashukuru. Bosi alirudi kwenye injini, akaielekeza boti kwenye upepo kwa uangalifu wa mama mzazi, kwa ajili ya samaki.

Mpira ukaanza kulegea. Aidan alikuwa anapanda. Cuthbert alikusanya mpira, alama ile ya mwisho ikatokea, kisha nyingine, kisha nyingine, upesi mno. Hildegardi aliomba kwa Kimatengo, lugha ya mama yake, kwa kuwa Kiswahili kilimkimbia. Bisibisi imempita? Imenasa? Ameiona akadhani imedondoka tu?

Alama iliyofuata haikutokea. Mapovu yakabaki mahali pamoja, yanapasuka, yanakuja mengine.

"Amesimama," alisema Cuthbert.

Walingoja. Wimbi liliingia ndani ya boti, Hildegardi akakomba maji kwa sufuria bila kuondoa macho kwenye mapovu. Kisha kompresa ikakohoa. Cuthbert akafungua tangi, akachungulia, akanyoosha mkono kuchukua dumu la petroli ya injini.

"Hiyo ni ya kurudia nyumbani," alisema Vitalis.

"Miguu yangu nilikuachia wewe, bosi. Wewe niachie dumu."

Akamimina bila kungoja jibu, na kompresa ikarudi kuunguruma. Alama moja ikapanda, wakangoja tena. Nyingine ikapanda. Hildegardi hakujua kama kungoja kule kunatosha; aliyejua ni jedwali, nalo lilikuwa Mbinga ndani ya droo. Alijua tu kwamba chini ya mapovu yale mume wake anatetemeka kwa baridi, ameshika bisibisi, anamtii.

Hatimaye kichwa kikatokea. Aidan alitema mpira, midomo imekuwa ya kijivu.

"Samaki wako wapi?" aliuliza Vitalis.

"Nimewaning'iniza kwenye kamba ya nanga, alama ya kwanza."

Bosi alishusha pumzi kama aliyeokoka yeye. Waliifunga kamba ya nanga kwenye boya, wakaiacha hapo na samaki wake, wakarudi Lundo kwa petroli ya kubahatisha na makasia. Ufukweni Vitalis alisogea karibu na Hildegardi, sasa kwa sauti ya heshima.

"Fundi, inaweza kufundishwa kwenda chini zaidi?"

Hildegardi alimfungua mumewe mkanda, akaukunja ndani ya kanga. "Haijui, bosi. Na mimi sijui."

Jioni waliketi kula. Ugali kwa usipa, kama siku ile. Aidan alikula peke yake. Mama mkwe alishika tonge lisilofika kinywani, Hildegardi hakunawa kabisa. Kila mtu alingoja mtu mmoja ainuke. Aidan akamaliza, akasifia mboga, akakaa. Hakuinuka. Naye aliogopa.

Cuthbert alijivuta kwa viganja mpaka karibu, akaushika mguu wa mdogo wake juu ya goti, akaufinya kwa nguvu zote za mikono yake.

"Aaa! Kaka, unaniumiza!"

Cuthbert hakuachia. Machozi yalikuwa yanamdondoka hadi kwenye mkeka.

"Sema tena," alisema.