Zimwi la Meno ya Vifuu

Mara moja kwa mwaka watu wa kijiji cha Ole walimwogopa Mzee Nyange, nayo ni siku mkanda mpya ulipoonyeshwa katika banda la video la Abrahman. Siku nyingine zote alikuwa mkulima wa karafuu kama wao, mwenye goti bovu na maneno machache. Lakini akishavaa pembe za mbuzi, sponji la godoro kifuani na meno aliyoyachonga mwenyewe kwa vifuu vya nazi, wanawake walipiga mayowe na wanaume wazima wakajidai wametoka kwenda kukojoa. Filamu zenyewe zilikuwa za kuungaunga, kamera moja na zimwi moja. Kilichozibeba ni ngurumo. Mzee Nyange aliivuta kutoka chini ya kitovu, na Abrahman hakuchoka kusema kuwa bila ya sauti ile yeye angefuga kuku.

Damu ilikuwa kazi ya Mwatum, mke wa Msellem, na Msellem ndiye mtoto pekee wa Mzee Nyange. Mwatum alipika wanga wa muhogo, akatia sukari, rangi nyekundu ya chakula na nyanya ya kopo ili ushike. Ilikuwa nyekundu kupita kiasi, lakini watazamaji waliipenda hivyo hivyo.

Kisha ikaja ile Januari. Watu waliandamana kuyapinga matokeo ya uchaguzi, wakapigwa risasi na askari. Mzee Nyange alikuwa kwenye mihogo yake. Msellem alikuwa barabarani. Wenzake walimrejesha juu ya baiskeli, paja la kushoto limefungwa shati la mtu mwengine.

Siku mbili alilala nyuma ya magunia ya karafuu. Hospitali haikuwa ya kuendewa, kwa sababu ilisemekana askari wamekaa mlangoni wakiwangoja wenye majeraha. Siku ya tatu alikuja mtu na maneno ya Bi Kazija, muuguzi mstaafu wa Mtambile: mleteni kwangu, na msichelewe. Ila kufika Mtambile lazima upite mjini Chake, na kabla ya Chake kulikuwa na kizuizi.

Mzee Nyange aliingoja hofu, haikuja. Alichemsha maji, akabadilisha kitambaa, akauliza ni saa ngapi. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na aliona aibu kwamba haumuumi.

Mwatum ndiye aliyetoka jikoni na beseni la damu yake.

"Baba, vaa zimwi."

"Leo, mwanangu?"

"Leo. Mie n'nampaka yangu juu ya yake. Abrahman ana gari na kamera. Wakituuliza, twenda kupiga mkanda, na huyu ni maiti wetu."

Msellem, ambaye tangu alfajiri hakuwa amesema kitu, alicheka kidogo. Alisema miaka yote ameomba kuigiza wakamnyima.

Saa tatu asubuhi gari ya Abrahman ilisimama kwenye kizuizi. Walikuwepo askari watatu, na mkubwa wao alikuwa akimenya chungwa. Alizunguka nyuma ya gari, akaliona zimwi limekaa kitako karibu na mtu aliyelowa wekundu, na mwanamke mwenye beseni mapajani. Aliacha kumenya.

"Nini hii?"

"Filamu, afande," alisema Abrahman. "Ya kutisha."

Yule askari alicheka mpaka akawaita wenzake. Alichovya kidole kwenye beseni, akaramba, akasema ina sukari. Kisha akainama juu ya paja la Msellem, pale ambapo chini ya wekundu wa Mwatum palikuwa na doa jengine, la kahawia, limekauka pembeni.

"Hapa mmekosea. Damu haiwi hivi. Hii inafanana na kutu."

"Tutarekebisha, afande," alisema Mwatum.

"Na zimwi lenyewe limekaa tu! Mle huyo maiti tuone. Wewe, washa kamera. Mle hapo hapo penye damu."

Mzee Nyange alijua namna ya kula mtu. Unamfunika kwa mwili wako, unauma nguo, unatikisa kichwa, unanguruma. Alikwishakula nusu ya vijana wa Ole na hakuna aliyepata mkwaruzo. Lakini kitambaa hiki kilikuwa kimegandana na nyama ya mwanawe. Askari walikuwa wakitazama, mmoja wao bunduki imemning'inia begani. Aliinama, akauma, akavuta.

Kitambaa kilitoka. Msellem alizishika zile pembe kwa mikono miwili, akajivuta juu mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwa baba yake, akapiga ukelele. Mzee Nyange akanguruma. Alinguruma kwa pumzi zote alizokuwa nazo, ili sauti ya mtu mwenye maumivu isisikike mahali pale, na haikusikika. Askari walipiga makofi.

"Huyo maiti ndiye mbovu," alisema mwenye chungwa. "Maiti gani anashika watu? Haya, nendeni."

Msellem hakusema tena. Huko Mtambile, Bi Kazija alimwekea vidole shingoni, akavihamisha, akaviweka tena. Kisha akaomba shuka.

Ilipopita arobaini, Mwatum alimfuata Abrahman akamwambia anataka kuuona ule mkanda wa kizuizini. Walifunga mlango wa banda mchana, watu watatu tu, na vibao vya kukalia vitupu nyuma yao. Kwenye kioo cha televisheni Mzee Nyange alijiona, akashangaa watu walikuwa wakiogopa nini. Sponji lilikuwa limetokeza kwapani. Meno yalikuwa vifuu.

Msellem akazishika pembe. Ngurumo ikajaa banda.

"Kanena nini, Baba?" Mwatum aliuliza. "Mdomo ulikuwa sikioni mwako."

Mzee Nyange hakujua. Sikio lake siku ile lilikuwa limejaa sauti yake mwenyewe. Abrahman alipunguza sauti, na kila kitu kikapungua pamoja.

"Kakuita weye," alisema Mzee Nyange.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

Mwatum alimwambia Abrahman aurudishe mkanda nyuma, na safari hii aondoe sauti kabisa. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Bila ya ngurumo, kilichobaki ni kijana aliyejipinda na mzee mwenye pembe. Midomo ya Msellem ilikutana, ikaachana, ikakutana, ikaachana, kikabaki kinywa wazi. Alitazama mara nne. Baada ya kila mara alilitamka jina lake mwenyewe polepole, vidole vyake viko mdomoni.

"Jina langu hulimaliza nimefumba mdomo," alisema. "Yeye kamaliza kinywa wazi."

Akamgeukia Mzee Nyange.

"Hakuniita mie. Kasema Baba."

Mwatum hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akimrejeshea kilicho chake, kama alivyozoea kumrejeshea bakuli baada ya chakula. Mzee Nyange alikiangalia kile kinywa kilichoganda wazi, na ganzi ya siku arobaini ikamtoka yote kwa mpigo. Moyo ulimuuma sana, akatamani ganzi irudi.