Kipande Kilichofutwa Ukungu

Ukungu wa mkate hauna mdomo wala tumbo. Nikisema hivyo darasani, wanafunzi hucheka.

"Sasa unakulaje, Mwalimu?"

Unamwaga vimeng'enya juu ya chakula, nje ya mwili wake. Kikishalainika, unakifyonza, kisha unazidi kurefusha nyuzi zake.

"Kumbe unapika kwanza!" alidakia yule tunayemwita Redio. Haya, si haba kwa mtu anayesinzia kipindi kizima.

Kila mmoja alileta kipande cha mkate kutoka kwao. Tukavilowesha kidogo na kuviweka kwenye visahani vyenye vifuniko, ili wachore kila siku ukungu ulipofika. Vyote vikaota manyoya ya kijani, isipokuwa kimoja. Kilikuwa cha msichana aliyerudi shule juzijuzi baada ya kumzika mama yake.

Asubuhi moja niliwahi maabara nikamkuta anakifuta kwa kitambaa chenye siki.

"We mtoto!" nikafoka. Mimi kufoka sijambo. "Unaharibu jaribio hivi hivi? Tena huko kusugua ndiko kunakousambaza!"

Akakikumbatia kisahani. "Aliuoka mama. Ulikuwa kwenye friji, juu kwenye barafu. Ulisema tulete mkate wa nyumbani, na nyumbani hakuna mwingine."

Hasira zikaniishia pale pale. Nilimwonea huruma. Nikataka kumwambia tutaurudisha kwenye barafu na mambo yatakuwa sawa, maana ndivyo tunavyowaambia watoto.

"Niambie kweli, Mwalimu. Nikifuta kila siku, mkate utabaki?"

"Hautabaki, mwanangu. Unachofuta ni cha juu tu. Nyuzi zimeshaingia ndani, na huko ndani ndiko zinakokula."

Aliutazama ule mkate.

"Ugonjwa wa mama nao ulikuwa umeshaingia ndani," alisema. "Wakubwa wote walijua. Mimi nikaambiwa anaendelea vizuri, nikapelekwa kwa shangazi nisimsumbue. Walikuja kunichukua siku ya mazishi."

Nikanyoosha mkono, akanipa kitambaa bila ubishi. Kisahani hakukiachia. Alikiweka mezani, akavuta stuli, akaketi karibu kabisa.

"Huu nitakaa nao mpaka uishe," alisema. "Usinitoe, Mwalimu."