Kiini cha Yai

Placidia alitoka kufua nepi akakuta ile chupa nyeupe haidondoshi tena. Akakitazama kigurudumu cha kwenye mrija, kimefungwa kabisa. Mama mkwe wake, Adelgunda, amekaa kando ya kitanda cha mtoto, rozari mkononi, ametulia tuli.

Mtoto, Kemilembe, alikuwa mchanga bado. Utumbo ulijisokota, wakampasua, wakakata kipande, na tangu hapo hata ziwa la mama alikatazwa. Maji ya sukari ya mshipani peke yake yalimkondesha hadi ngozi ikamlegea mapajani. Ndipo hospitali ikapata mafuta ya kupitisha mshipani, meupe kama maziwa, chupa chache tu kutoka Ulaya. Zikiisha, basi.

"Mama, nani kafunga hii?"

"Mimi." Wala hakupepesa macho. "Nesi Jovitha mwenyewe kasema ni mafuta ya soya na kiini cha yai. Tangu lini mtoto wa kike kwetu Nyakakika akalishwa yai? Unataka awe tasa?"

Asubuhi Jovitha alieleza kila kitu vizuri, kumbe bibi aliokota neno moja tu. Tangu aolewe, Placidia amewachemshia mayai mume na mashemeji, akawamenyea, akawatilia chumvi, na yeye mwenyewe hajawahi kuonja, maana mke aliyekula yai hufukuzwa. Alisema ni mila, akanyamaza. Sasa hiyo mila imemfuata mwanawe hadi wodini kumnyima chakula.

"Atazaa lini, mama, akifa wiki hii?"

"Usinipandishie sauti."

"Leo nakupandishia. Angekuwa wa kiume ungefunga?"

Adelgunda alizungusha punje za rozari. Jibu lilikuwa hilo hilo, na Placidia alichukia kulielewa upesi vile. Akamwita Jovitha, naye akaja mbio, akaukagua mrija, akafungua, akapima matone kwa saa yake. Mafuta yakaanza kushuka tena.

Mchana shemeji yake, Mutalemwa, akaleta ndizi za kupika, na mayai mawili ya kuchemsha aliyofungiwa yeye kwa safari. Placidia alichukua moja bila kuomba. Akalimenya polepole mbele ya mama mkwe, akala ute, akala na kiini, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Sasa tumelila wote wawili, mimi na binti yangu," alisema. "Ukitaka kutufukuza, tufukuze pamoja."