Puli Ndogo ya Warfa

Tangu Jumatano ile, Nzomo hakuwa mtu wa kukaa naye. Chai ilimpoa mkononi, aliitwa mara mbili ndipo aitike, na mteja aliyeleta pikapu kwa sababu ya klachi alirudishiwa ikiwa imebadilishwa mafuta ya injini, klachi vilevile ilivyokuja. Ungedhani amefiwa. Hakuwa amefiwa. Alikuwa na woga, na woga wenyewe ulikuwa umeegeshwa ndani ya gereji yake pale Mumbuni, Machakos, mwekundu, wa viti viwili, umefunikwa turubai.

Gari lilikuwa la Warfa. Warfa alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na yeye na Nzomo walijuana tangu siku ambazo wote wawili hawakuwa na hata baiskeli. Mtu wa ng'ombe akipata, kwa kawaida hununua lori. Warfa naye alikwenda Mombasa bandarini kutafuta lori, akarudi na kigari cha Kijapani ambacho injini yake imewekwa nyuma ya viti, na ambacho hakiwezi kubeba hata mbuzi mmoja. Mjini walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliwaambia gari lina supachaja, na walipomwuliza supachaja ni mdudu gani, akawaelekeza kwa Nzomo.

Nzomo aliwaeleza hivi. Ni pampu ya hewa. Injini ya kawaida huvuta pumzi yenyewe. Hii inalazimishwa kula hewa, kama mtoto anavyolazimishwa uji. Pampu huzungushwa na mkanda, na mkanda hupita juu ya puli, kigurudumu cha chuma. Ukitoa puli iliyokuja na gari ukaweka ndogo zaidi, pampu huenda mbio zaidi, hewa inaongezeka, na gari linaondoka kama lililomwagiwa maji ya moto.

Puli hiyo ndogo waliikereza kwa Onesmus, fundi wa chuma, na sababu yake ilikuwa Konza. Huko kulikuwa na mwenye ranchi aliyekuwa na uwanja mdogo wa ndege wenye lami, na Jumamosi moja moja aliwafungulia wapenda mbio. Koni za plastiki zilipangwa, madereva wakaingia mmoja mmoja, na mama mmoja akakaa chini ya mwavuli na saa ya kupimia. Zawadi ya maana haikuwepo. Ilikuwa sifa tu, na Warfa aliitaka sifa hiyo kuliko alivyowahi kumtaka ng'ombe yeyote.

Basi Jumatano ile wakaomba ruhusa, wakaenda kulijaribu gari hapohapo uwanjani. Gereji ya Nzomo ilikuwa na desturi: fundi aliyelishika gari hukaa kiti cha kushoto wakati mteja analijaribu. Asiyeiamini kazi ya mikono yake, Nzomo alipenda kusema, aende akachome mahindi. Tena desturi hiyo ilikuwa na upande wa pili usiotajwa. Ukikaa hapo kushoto, huonyeshi woga. Fundi akishtuka, mteja anapeleka gari kwa mwingine. Nzomo alikuwa amekaa kushoto ndani ya malori ambayo yangepaswa kusaliwa kwanza, na uso wake haukuwahi kubadilika. Ulikuwa wa mtu anayesikiliza mahubiri ya kawaida ya Jumapili.

Warfa alikanyaga moto. Kiti kikamsukuma Nzomo mgongoni, supachaja ikapiga mbinja nyembamba nyuma ya masikio yao, na nyasi za kandoni zikawa rangi moja. Mwisho wa lami Warfa akashika breki, gari likatulia vizuri. Wakageuza. Safari ya pili ikawa vilevile. Safari ya tatu pedali ilizama. Nzomo hakuiona pedali yenyewe. Aliona goti la Warfa likienda mbali kuliko lilivyokwenda mwanzo, akahisi gari likiendelea mbele wakati lilipaswa kuinamisha pua, na ua wa miba wa mwisho wa uwanja ukaja, ukazidi kuja, mpaka gari likasimama magurudumu ya mbele yakiwa kwenye nyasi. Harufu ya breki zilizoungua ikajaa ndani.

Kijasho chembamba kilimtiririka Nzomo mgongoni. Usoni hakuonyesha kitu.

"Iko sawa?" Warfa akauliza.

"Iko sawa," Nzomo akajibu.

Haikuwa sawa hata kidogo. Breki zile zilitengenezwa kwa nguvu za puli kubwa. Zikipata joto kupita kiasi, mafuta ya breki huchemka ndani ya mabomba, na mguu wa dereva unabaki kukanyaga mvuke. Nzomo alimwaga mafuta yale, akaweka mapya, akatoa hewa yote. Lakini pedi za breki za kustahimili joto la namna ile hazikupatikana Machakos, na dukani Nairobi alikopiga simu waliahidi kuziagiza kutoka ng'ambo. Jumamosi ingefika kabla ya pedi. Dawa iliyobaki ilikuwa moja, kumwambia Warfa asiende. Kila alipojikaza kisabuni alisema, alimkuta Warfa analipangusa gari kwa kikoi chake mwenyewe huku akilisemesha kwa Kisomali, naye akayameza maneno.

Alhamisi alikuja Qaali, mke wa Warfa, na chupa ya chai na sambusa, mimba ya mtoto wao wa kwanza ikimtangulia. Walikuwa wamemngoja mtoto huyo miaka mingi, na Nzomo alijua jinsi walivyomngoja. Qaali aliketi kwenye benchi, akalitazama turubai muda mrefu.

"Shemeji, mimi magari sijui," alisema. "Nakujua wewe. Hiyo gari iko salama?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwanaume mwenye akili angepita. Nzomo, kwa sababu alikuwa fundi na mbele yake palikuwa na mke wa rafiki yake, akatabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Si mimi ndio nimeifunga?"

Qaali akashukuru. Aliondoka akitembea kwa raha kuliko alivyokuja, na Nzomo alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na spana zake. Usiku huo hakupata usingizi. Alfajiri alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango wa mtu mwoga. Yeye mwenyewe aliujua hivyo.

Ijumaa mchana Warfa alikwenda msikitini. Alipopotea tu kwenye kona, Nzomo alilifunua gari, akafungua kifuniko cha injini, akatoa puli ndogo na kuirudisha ile kubwa iliyokuja na gari. Hesabu yake ilikuwa rahisi: gari lisilo na mbio nyingi halina haja ya breki nyingi. Warfa ataona limepungua kidogo, atasema ni upepo au petroli, atarudi nyumbani mzima, na pedi zikifika puli itarudi mahali pake bila mtu kujua. Alikaza kila nati kwa uangalifu kuliko siku zote. Maishani hakuwa amewahi kumwibia mteja hata skrubu, na mchana huo alijiona mwizi kamili.

Jumamosi kulikuwa na jua kali na magari ya kila namna, mengi yakiwa na kelele kuliko mwendo. Sheria ya pale ilikuwa mtu mmoja tu ndani ya gari. Nzomo alijua sheria hiyo tangu mwanzo, ila sasa, Warfa alipovaa helmeti na kufunga mlango, ndipo ilipomwingia. Alijisogeza karibu na kamba ya watazamaji, mikono mifukoni.

Warfa alitoka. Mbinja ya supachaja ilikuwa ya chini, ya kivivu. Gari likafika mwisho, likazunguka koni, likarudi salama salimini, na mama wa saa akasoma muda ambao hata pikapu ingeufikia. Watu wawili watatu wakacheka. Nzomo akashusha pumzi. Kicheko kile kilikuwa kitamu masikioni mwake. Kisha akamwona Warfa ndani ya gari, kioo cha helmeti kikiwa juu, akiitazama dashibodi kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Hakushuka. Alikwenda moja kwa moja kurudia.

Hesabu ya Nzomo ilikuwa imesahau kitu kimoja tu, nacho ni Warfa. Mwendo alionyimwa na injini, Warfa alianza kuutafuta kwenye breki. Pale alipokuwa akianza kupunguza mapema, sasa alipita bila kupunguza, akazikanyaga breki koni zikiwa tayari puani. Akafanya hivyo koni ya kwanza, akafanya ya pili. Moshi mwembamba ulianza kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Nzomo alipiga hatua ndani ya kamba, mtu akamvuta shati. Akilini alimwona Qaali kwenye benchi na chupa ya chai. Aliona mtoto ambaye hajazaliwa akiulizia baba yake.

Kwenye koni za mwisho gari halikuinama. Lilipita katikati yake likizitawanya, likaacha lami, matako yakazunguka mbele, na vumbi likainuka likalimeza lote. Nzomo alikimbia, na hakujua kama anakimbia. Alichojua ni kwamba anasema, "Ni mimi, ni mimi," na hakuna wa kumsikia.

Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limesimama likitazama lilikotoka, limeuegemea ua wa miba. Warfa alishuka kwa miguu yake. Alivua helmeti, akaiweka chini taratibu, akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha injini. Nzomo alimfikia pale, anahema. Warfa aliinama akatazama kwa muda.

"Nzomo," alisema bila kugeuka. "Puli yangu iko wapi?"

"Iko gereji."

"Nani ameitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Sasa hakukuwa na turubai wala kona ya kujificha. "Breki hazitoshi," Nzomo akasema. "Ile Jumatano zilichemka. Mguu wako ulienda chini. Niliogopa, Warfa. Niliogopa sana, na nikashindwa kukuambia. Nikafikiria nikipunguza nguvu utarudi mzima."

Warfa aligeuka. Nzomo alijiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi, na vyote viwili angevipokea kwa shukrani. Lakini Warfa alimtazama kwa namna ambayo Nzomo hakuizoea, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

"Wallahi, Jumatano hata mimi niliogopa," Warfa akasema. "Mguu ulienda mpaka chini. Nilidhani tumekufa. Nikakuangalia wewe. Umekaa tu, kama uko kanisani. Nikasema moyoni, kumbe gari za mbio ziko hivi, mimi ndio mshamba. Nikakuuliza. Ukaniambia iko sawa."

Nzomo aliiokota helmeti, akaipangusa vumbi.

"Hata leo," Warfa akaendelea, "pedali ilianza kulegea kwa ile koni ya pili. Ningeachilia. Lakini nikakumbuka uso wako. Qaali naye aliniuliza jana, nikamwambia, uliza Nzomo. Akaniambia ameshakuuliza. Sisi wote tumelala usingizi kwa sababu yako, walaal, ndugu yangu."

Kama angempiga, ingeuma kidogo kuliko hivyo. Nzomo alikaa chini kwenye vumbi, fundi mzima na ovaroli yake, akalia mbele ya watu waliokuja kusaidia kuliondoa gari kwenye miba. Warfa alisimama karibu naye. Hakumbembeleza, ila hakuondoka.

Walingoja breki zipoe mpaka jua likaanza kulegea. Mama wa saa alikuja kuuliza kama namba yao itaingia tena, Warfa akatikisa kichwa. Kisha wakaanza safari ya Machakos, taa za tahadhari zikiwaka, wakipitwa na kila kitu chenye magurudumu. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe alimtambua Warfa, akapiga honi kwa dharau. Hakuna aliyecheka.

Barabara ilipanda, ikanyooka, halafu mbele yao ukaonekana mteremko wa kuingilia mjini, na chini yake mabati ya nyumba yaking'aa. Warfa aliweka mguu juu ya breki bila kukanyaga. Uso wa Nzomo ulianza kutulia wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile.

"Warfa," akasema. "Naogopa."

Warfa akapunguza mwendo, akasogea kandoni mwa barabara, akasimamisha gari. Wakateremka wote wawili, wakaingia mjini kwa miguu.