Ukurasa wa Nne

Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mshonaji alikaa mbele ya kompyuta ya pili kutoka mlangoni, katika ofisi ya usajili, akaanza kujaza fomu ya kifo cha mumewe. Fomu ilikuwa na kurasa saba. Karani, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alimwonyesha pa kubonyeza Endelea, kisha akarudi mezani kwake kugonga mihuri.

Ukurasa wa tatu uliuliza kazi ya marehemu. Mshonaji aliandika: mwendesha boila, kiwanda cha sabuni. Wa nne uliuliza siku na mahali. Wa tano uliuliza sababu, na hapo palikuwa na orodha ya kuchagua: Ugonjwa, Uzee, Bahati mbaya. Aliipanda na kuishuka orodha ile mara kadhaa, kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Mumewe aliunguzwa na mvuke siku valvu ya boila ilipofyatuka, na kabla ya siku hiyo alikuwa amemwandikia meneja barua tatu kwamba valvu inavuja. Katika orodha hakukuwa na mahali pa jambo hilo. Alichagua Bahati mbaya. Akajaza habari za maziko katika ukurasa wa sita, akabonyeza Tuma, na ukurasa wa saba ukampa namba.

Aliitazama namba kwa muda, halafu roho ikamsuta. Alibonyeza mshale wa kurudi nyuma ili aone kama kulikuwa na nafasi aliyoiruka.

Ukurasa wa sita uliporudi, mumewe aliingia mlangoni, udongo ukiwa umemjaa kichwani, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri. Mshonaji alibonyeza tena. Ukurasa wa tano ukaja, udongo ukatoweka, na uso wa mume ukawa umebabuka kuanzia sikio la kulia hadi kidevuni. Akabonyeza mara ya tatu. Kwenye ukurasa wa nne mume alikuwa mzima, amevaa ovaroli, ananukia sabuni.

"Umemaliza?" mume aliuliza.

"Bado."

"Kama una shida ofisini, baba, chukua namba," karani alimwambia bila kuinua kichwa.

"Nipo na huyu," mume alisema.

Mshonaji alirudi nyuma ukurasa mmoja zaidi, kwenye ule wa kazi. Mume aliangalia saa ya ukutani, akasimama, akasema zamu yake imeanza na yeye bado yuko mjini. Alikuwa ameshaushika mlango mshonaji alipowahi kubonyeza kwenda mbele. Basi akarudi kukaa. Tangu hapo mshonaji hakuugusa mshale tena.

Shida ilikuwa nyingine. Karani alimweleza kwamba ukurasa ukikaa nusu saa bila kipanya kuguswa, unajifunga wenyewe na mambo yanabaki yalivyotumwa. Mshonaji alikaa pale mpaka saa kumi jioni, mkono juu ya kipanya, akikisogeza kila baada ya dakika chache, na hakwenda hata msalani. Ofisi ilipokaribia kufungwa, karani alitoa feni ya mezani, ile inayogeuza kichwa kulia na kushoto, akafunga uzi kutoka kwenye feni mpaka kwenye kipanya. Feni ilipogeuka, kipanya kilisogea kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta alibandika karatasi: ISIZIMWE.

"Nilimfanyia hivi na yule wa hati ya shamba," alisema. "Ilikaa wiki mbili."

Mume na mke walirudi nyumbani kwa miguu. Jirani waliyekutana naye kwenye kona alimpa mume mkono na kumwambia pole kwa msiba. Mume alijibu kwamba ameshapoa. Nyumbani binti yao wa miaka tisa alikuwa anakunja mikeka ya matanga. Alimwamkia baba yake, akauliza, "Baba, utakaa?"

"Inategemea ukurasa, mwanangu."

Binti alikubali hilo, akaenda kumletea daftari la hesabu.

Alhamisi mume alikwenda kiwandani. Kadi yake haikufungua geti, kwa hiyo mlinzi alimfungulia kwa mkono. Kwenye boila alimkuta shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeanza kazi Jumatatu. Shemeji alikuwa anafuta jasho, na juu ya kichwa chake valvu ile ile ilikuwa inapiga mluzi.

"Nafasi ilikuwa wazi, shemeji," alisema kwa aibu. "Nami nina familia."

"Hujakosea. Ila usisimame hapo."

Mume aliomba karatasi, akaandika barua ya nne, akaipeleka kwa meneja. Meneja alimkaribisha kiti na kumpa maji. Aliisoma barua yote, akairudisha.

"Barua ya marehemu siwezi kuipokea, mzee wangu. Haina faili. Halafu sababu imeshaandikwa huko serikalini, bahati mbaya. Bahati mbaya haina spana."

Mume alimsimulia mkewe jioni ile. Mke alikuwa anashona suruali ya mteja, na mguu wa kushoto aliushona mara mbili.

Siku zilizofuata aliishi roho juu juu. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni mwa ofisi ya usajili, akichungulia dirishani kama feni inageuka. Jumamosi mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Kompyuta ilikuwa na betri ya akiba, feni haikuwa nayo. Mume alikuwa barazani anakata kucha. Alisita, mkasi mkononi, macho kwa mkewe, naye mke akawa anahesabu dakika kwa sauti. Alifika kumi na tisa umeme uliporudi. Mume akamalizia mkono uliobaki.

Jumatatu, akiwa na mumewe, alikuta ofisini mtu wa pili kwenye meza ya karani, kijana mwenye mkoba mgongoni. Alikuwa fundi wa mfumo, ametumwa kutoka makao makuu kuhusu malalamiko ya mshale. Alivuta kiti karibu na kompyuta, akamwamkia mshonaji, akamwamkia na mume, akasoma karatasi ya ISIZIMWE, akaufuata uzi kwa macho mpaka kwenye feni.

"Ukurasa ni picha tu, mama," alisema. "Ulipobonyeza Tuma, seva, ile kompyuta kuu, iliandika amekufa, na seva haisahau. Mshale umekurudishia picha ya zamani. Sasa seva inasema hivi, ukurasa unasema vile, na mzee yuko katikati. Wako wengi. Kuna harusi mbili nimezikuta hivyo hivyo."

"Na unafanyaje?"

"Saa nane naweka marekebisho. Mtu akishatuma, mshale haumrudishi popote. Na kurasa zote zilizo wazi zitajifunga."

Mshonaji aliangalia saa. Ilikuwa saa sita na robo.

"Kwenye hiyo orodha ya sababu," alisema, "ongeza mstari mmoja. Uandike: uzembe wa mwajiri."

Fundi alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Orodha naletewa, mama. Inapangwa na kamati, na waajiri wamo. Mimi kazi yangu ni vitufe."

Mshonaji alimwomba karani ampigie simu yule mdogo wake wa kiwandani. Shemeji alifika saa saba kasoro na nguo za kazi. Mume alimketisha kwenye benchi, akamchorea boila nyuma ya fomu iliyoharibika: valvu hapa, ufa hapa, ikifyatuka mvuke unaelekea kulia. Asimame kushoto, kila mara, hata kama kusoma geji ya mvuke kutamlazimu kupinda shingo. Alimrudishia somo mara tatu. Shemeji alirudia, akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni.

Saa saba na nusu mume alimwambia mkewe, "Ukurasa wa sita una kisanduku cha maoni. Nilikiona nilipokuwa nimekaa pale siku ya kwanza."

"Kinapokea herufi ishirini tu," karani alisema.

"Zitatosha. Nenda mbele, mke wangu. Saa nane inakuja hata tukikaa."

Mshonaji alifungua uzi kwenye kipanya. Alibonyeza Endelea, na ukurasa wa tano ukaja. Hakumgeukia mumewe, lakini alisikia pumzi yake inavyobadilika, na harufu ya sabuni ikaondoka. Orodha ilikuwa na mambo yale yale matatu. Alijaribu kuiacha tupu. Mfumo ukamwambia achague. Akachagua, akaendelea. Kwenye ukurasa wa sita udongo ulianza kudondoka begani mwake, kwani mume alikuwa amesogea kusoma kioo.

Aliandika: Valvu iliripotiwa ma. Hapo kisanduku kikakataa.

"Futa," mume alisema. Sauti yake ilikuwa ya mbali kidogo. "Andika: Valvu mbovu barua 3."

Ilienea, na nafasi ya herufi moja ikabaki. Mshonaji aliisoma mara mbili. Mume aliweka mkono juu ya mkono wake ulioshika kipanya. Ulikuwa wa baridi na mzito, na hakuuondoa.

"Binti amemaliza zile hesabu za kugawanya?" aliuliza.

"Amebakiza mbili."

"Amwombe mjomba wake."

Mshonaji alibonyeza Tuma. Kioo kilifikiri kidogo, kisha kikaandika: Taarifa hii ilishapokelewa. Hakuna kilichohifadhiwa upya.

"Hiyo niliifunga asubuhi," fundi alisema taratibu. "Watu walikuwa wanatuma mara mbili. Kifo kimoja kinahesabiwa viwili, ripoti zinaharibika."

Nyuma ya mshonaji hapakuwa na mtu, na benchi lilikuwa wazi. Karani alichukua ufagio, akazoa udongo uliokuwa sakafuni, akauliza kama mshonaji angependa kwenda nao. Akaufunga kwenye bahasha, akampa.

Wiki iliyofuata mdogo wake alipitia kwake baada ya zamu kumfundisha binti kugawanya. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Alisema anasimama kushoto siku zote, na mluzi umeongezeka.

"Na yule anayekaa kwenye boila zamu ya pili?" mshonaji aliuliza. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Akaenda kumuuliza meneja. Meneja akasema asimame anapoona geji vizuri."

Mshonaji alinyanyua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani. Aliuliza kama huyo wa zamu ya pili ana mke, na wanakaa mtaa gani.

"Anaye," alisema mdogo wake, na akamwelekeza.

Mshonaji alivaa viatu, akatoka.