Sweta ya Afande Tuongee

Shemeji yangu aliitwa Afande Tuongee, kwa sababu kila ugomvi aliuingia kwa neno hilo. Hata wale ndugu wawili waliogombea mpaka wa kiwanja aliwaambia, "Jamani, tuongee." Panga lililokusudiwa kumkata mmoja wao likamkuta yeye katikati.

Baada ya mazishi, koplo wa stoo aliagiza sare zote zirudishwe kituoni. Ndio utaratibu. Dada yangu hakubisha. Alikusanya kofia, mkanda, mashati na viatu, kisha akasimama mbele ya sweta iliyoning'inia nyuma ya mlango. Asubuhi ile ya ugomvi mumewe alitoka mbio, akaisahau. Tangu msiba, mara nyingi nilimkuta dada ameiegemea, uso umezama kwenye kola.

"Nikuombee ubaki nayo?"

"Uombe nini, mdogo wangu? Mali ya serikali hiyo. Mwenyewe angenigombeza."

Akaitia kwenye beseni.

"Basi ipeleke hivyo hivyo, dada."

"Wakute jasho waseme mkewe mvivu? Thubutu!"

Akaifikicha mpaka maji yakawa meusi.

Kituoni, koplo alipokea mzigo kaunta, akapanga kimoja kimoja. Sweta akaitenga.

"Shemeji, hii rudi nayo. Nimemwomba mkuu wa kituo, amekubali. Kwanza nani angeivaa? Tulikuwa tukimtania kwamba kazaliwa nayo. Atakayeirithi, tukasema, atanuka Tuongee mpaka astaafu!"

Dada akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Akaipokea kwa mikono miwili, akaileta usoni. Kicheko kikakatika.

"Sabuni," akasema. "Inanuka sabuni tu."

Koplo akainamisha kichwa. "Laiti ningewahi kukutumia salamu, shemeji. Nisamehe."

"Wewe umenitendea wema. Mimi ndiye niliyeogopa midomo ya watu."

Akaketi kwenye benchi la wenye malalamiko. Akaikunja sweta mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Nikaketi kando yake, bega langu likigusa lake.

Mwishowe akainuka, akaivaa palepale. Mikono ikampita vidole.

"Dada, utaungua na joto."

"Acha niungue," akasema. "Jasho lake nimelimwaga mwenyewe. Sasa nitaitia langu."